Mashahidi Niliowakaririsha

Miaka ishirini nafundisha katekisimu kigangoni kwetu, upande wa Usevya, na kila Kwaresima huniletea mtu wa kunichosha. Mwaka juzi alikuwa fundi cherehani aliyejiandaa kubatizwa. Alifungua Injili kwenye simu yake akaniambia, "Mwalimu, hapa kaburini kuna malaika mmoja. Huku wapo wawili. Wanawake nao hawalingani. Sasa nani aliona?" Nilimwambia akariri majibu niliyompa, aache ubishi. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Hata mimi nilitamani wale waandishi wangekaa mara moja tu wakaelewana.

Nyumbani nako kulikuwa na moto. Mama yetu alikuwa amefariki baada ya mavuno ya mwaka uliotangulia, na akiwa mgonjwa alisema shamba la mpunga la bondeni apewe dada yangu mjane, ambaye hakuwa na shamba jingine. Waliomsikia ni wanawake watatu waliokuwa wakimuuguza: shangazi, jirani, na mama mmoja wa jumuiya yetu. Baba mdogo alilitaka shamba. Akapeleka shauri baraza la kijiji, akidai wanawake hao siku hiyo hawakuwepo kabisa.

Nikawaita uani kwangu wanisimulie. Mungu wangu! Shangazi akasema mama alikuwa amelala. Jirani akasema hapana, alikuwa ameketi, ameegemea ukuta. Yule wa jumuiya hakukumbuka kulala wala kuketi. Alichokumbuka ni kwamba mama alijikatiza katikati ya maneno, akawaambia, "Anueni mpunga, mvua hiyo," kisha akarudi kwenye habari ya shamba.

"Mvua inahusu nini hapa?" nikafoka. "Nyie mnataka dada yangu akose pa kulima?"

Nikaandika sentensi nne, nikawakaririsha kama ninavyokaririsha watoto wa komunyo ya kwanza: mimi nauliza, wao wanaitika. Mvua nikaifuta. Siku ya tatu hakuna aliyekosea hata neno, nami nikajiona mtu wa maana sana.

Barazani shangazi alizisema zote nne. Jirani vilevile. Mama wa jumuiya alipofika sentensi ya pili, mwenyekiti, mwalimu mstaafu, akammalizia mwenyewe zilizobaki, neno kwa neno. Watu wakaangua kicheko. "Nani kawafundisha?" akauliza. Wote watatu wakanigeukia, na mimi nikaangalia viatu vyangu. Akawauliza tena, kwa upole, kama kuna jambo lolote lingine wanalolikumbuka siku ile. Mama wa jumuiya akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga.

Shamba likaenda kwa baba mdogo.

Tukiwa tunatoka nilimlalamikia mwenyekiti, nikamweleza ile mvua. Alisimama. "Ile iliyonyesha kiangazi? Ililowesha mpunga wa kijiji kizima, wangu pia. Wangeitaja ningejua walikuwepo. Mbona mliificha?" Nilishikwa na hasira, na safari hii sikuwa na wa kumfokea.

Pasaka nilisoma habari ya kaburi katika Injili zote nne, taratibu, bila kutafuta jibu la kumnyamazisha mtu. Kila mmoja ameachiwa alichokiona na alichokisikia, na hakuna aliyewafuta walioona kingine. Nilimwambia fundi hivyo, nikamwomba radhi. Alibatizwa, na bado ana maswali, na bado yananichosha.

Kwa dada nilichelewa kwenda. Nilimkuta Januari anapandikiza mpunga katika shamba la kukodi, maji yamemfika magotini. Nikamwomba msamaha nikiwa juu ya tuta. Alipandikiza mstari mzima kabla ya kunijibu.

"Nimekusamehe, kaka. Ila siku nikifa, maneno yangu usiyasimulie wewe."