Birika la Nahodha na Katiba Mpya

Siku yangu ya kwanza kazini, ofisi ya wilaya pale Hell-Ville, mji wa kisiwa cha Nosy Be, niliingia na cheti cha shule ya usiku mfukoni na suti ya shemeji mwilini, suti ambayo ingetosha ukoo mzima. Uhuru ulikuwa mbichi, bendera haijapauka. Nikapewa cheo cha karani wa itifaki, yaani mtu anayejua nani aketi wapi na nani asalimiwe kwanza.

Bwana Mkuu wa Wilaya, mtu wa nyanda za juu aliyeogopa kosa kuliko papa, alinisomea katiba kwa Kifaransa, akaifasiri kwa Kimalagasi isije ikanipita: mwenye wadhifa wa umma hapokei zawadi ya dola ya kigeni bila idhini ya serikali kuu.

"Chakula cha kuliwa hapo hapo ni ukarimu," akasema. "Kinachobaki mezani baada ya kula ndicho zawadi. Kikikutwa kwangu, mimi sina kazi."

Basi ikatia nanga manowari ya kigeni. Nahodha akatuletea bakuli la fedha limejaa peremende. Tulizila kwa ari hata nusu ya mji ikaumwa meno. Bwana Mkuu akaagiza bakuli lirudishwe.

Mimi ni mtoto wa Marodoka, kijiji cha kisiwani hapo hapo, mama yangu wa asili ya Kingazija. Kwetu chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Ukikirudisha hivyo umemtukana yeye na waliomzaa. Mama akalijaza vitumbua. Nahodha akadhani serikali imemtunuku, akajibu kwa sinia la fedha lenye biskuti. Sinia likarudi na sambusa. Likaja birika la kahawa ambalo, naapa, ng'ombe angeoga ndani yake.

Bwana Mkuu alikuwa amekonda. "Mkaguzi wa serikali anashuka leo kutoka Mahajanga," akaniambia. "Rudisha hilo, tupu."

"Tupu, Bwana Mkuu?"

"Tupu kama kichwa chako."

Nikalikokota mpaka gatini, miguu ikagoma. Nilikuwa ningali nimesimama pale Mkaguzi aliposhuka melini.

"La nani hilo?"

"La nahodha, mheshimiwa. Ninamrudishia."

"Mbona huendi?"

"Halina kitu ndani."

Mkaguzi alikuwa mzaliwa wa Antanimasaja, mtaa wa Mahajanga, mjukuu wa Wangazija. Akafunua kifuniko, akachungulia, akanitazama kana kwamba ninakwenda harusini bila suruali. "Na ungemfikishia hivi?"

Hapo Bwana Mkuu akafika mbio, jasho linamtiririka, akaanza kujiuzulu mbele ya wachukuzi.

"Pumua kwanza, bwana," Mkaguzi akamwambia. "Nyumbani kwetu mwenye chombo akikifuata mwenyewe, anakichukua kitupu na hakuna anayeona haya. Mwiteni nahodha aje kula."

Nahodha akaja, akala wali wa nazi mpaka vifungo vya koti vikalalamika, mabaharia wake wakaondoka na birika. Bwana Mkuu akabaki na kazi yake. Mimi nikahamishiwa Mahajanga, chini ya Mkaguzi. "Karani anayeogopa chombo kitupu kuliko mkuu wake," alisema, "nataka awe karibu nimwone."

Huko nilikataa saa, nikakataa mvinyo, nikakataa hata tausi aliyenifuata mpaka mlangoni. Wageni wa melini na wa ubalozi mdogo walinishika mkono kwa mapenzi, wakiniita rafiki, nami nikijiambia: subirini nistaafu.

Nikastaafu. Asubuhi yake nikavaa koti lililopigwa pasi, nikaketi sebuleni mlango wazi. Raia huru, katiba hainizuii kitu. Jua likapanda, likashuka. Gari la ubalozi mdogo likapita bila hata kupunguza mwendo.

Mke wangu akaleta chai. "Unamngoja nani, baba watoto?"

"Marafiki zangu wa miaka yote ile."

Akanimiminia kikombe, akaurudisha mlango. "Wako ofisini," akasema. "Wanampenda karani mpya."