Bandama Yangu Bado Ninayo

Ilianza Jumanne, saa nane na robo mchana, kipindi cha hisabati. Kabla ya hapo nilikuwa mzima, nachota maji, nakimbia kwenda shule, ila maneno yangu ni machache. Ubavu wa kushoto ukachoma, maumivu yakapanda mpaka begani. Nikaendelea kunakili hesabu. Mimi hata ruhusa ya kwenda chooni naona aibu kuomba.

Nyumbani Kisaka nilitetemeka kwa homa, nikatapika, jasho likalowesha godoro. Bibi akanibonyeza chini ya mbavu. "Ni bandama imevimba." Akanichanja kwa wembe, mistari sita, akapaka dawa, kama alivyochanjwa yeye utotoni. Wiki mbili zikapita. Nilikonda mpaka sketi ikawa inashuka yenyewe.

Baba akanipeleka hospitali. Walinipima kwa ultrasaundi wakakuta jipu ndani ya bandama.

Baba ni mfugaji. "Daktari, nimechinja ng'ombe wengi. Bandama iliyooza tunawatupia mbwa. Itoe."

"Mzee, ng'ombe wako alikuwa ameshakufa," daktari akajibu. "Huyu ataishi, tena na malaria ya huku, na bandama inamsaidia kupigana nayo. Jipu ni moja, sindano inalifikia. Tumwekee mpira, usaha utoke. Ikishindikana, tutaikata. Hata akikatwa anaweza kupona, ila atahitaji chanjo maalumu, na kila homa aikimbilie hospitali."

"Mpira ni kubahatisha," Baba akasema. Wakabishana, mimi nimelala katikati yao.

"Naomba mpira," nikasema. Daktari akainama nirudie. Nikarudia.

"Kumbe ana sauti," Baba akasema, akakubali.

Waliniganzisha ngozi, wakapitisha mpira ubavuni. Usaha ulitoka mzito, unanuka, nikajifunika uso. Siku ya tatu homa ilikuwa bado, daktari akasema ikifika kesho bado hivi, ni kisu. Siku ya nne ikashuka. Dawa za sindano ziliendelea, na mpira ulipoacha kutoa kitu, wakauchomoa.

Namshukuru Mungu, madaktari, na Baba aliyekubali kushindwa na mtoto. Wewe mwenye homa isiyoisha na ubavu unaouma, sema mapema, hata kwa sauti ndogo kama yangu.

Tulifika nyumbani jioni. Asubuhi iliyofuata nilichukua wembe wa Bibi, ule alionichanjia.

"Unaupeleka wapi?"

"Chooni, Bibi. Nautupa."

Akaitazama plasta ubavuni kwangu. "Ngoja kwanza nikate kucha."

Nikamsubiri akate zote kumi, kisha nikaenda kuutumbukiza.