Gavana na Mguu Wangu

Nilikuwa dereva wa basi la Kahama na Shinyanga miaka ile ya tisini, serikali ilipoamuru mabasi yafungwe gavana. Ni boksi dogo tu, linakaa chini ya dashibodi, na gari likifika themanini linabana mafuta. Kanyaga utakavyo, injini inakoroma bure, mwendo hauongezeki. Madereva wenzangu walilalamika kama watu waliofiwa. Mimi nilinuna pamoja nao pale stendi, nikatukana walipotukana, lakini moyoni nilimshukuru Mungu.

Nilikuwa nimechoka, jamani. Miaka kumi na miwili nakimbizana na mabasi ya watu kugombea abiria wa Isaka na Tinde! Halafu siku moja nikasaidia kuwatoa watu kwenye basi la mwenzetu lililopinduka. Tuliwalaza kwenye majani, wazima na wasio wazima. Tangu siku ile, mshale wa mwendo ukipita tisini mguu ulikuwa unataka kuachia mafuta. Ningemwambia nani? Dereva akisema anaogopa mwendo, kesho funguo anapewa mwingine.

Gavana ikanipa pa kujificha. Wachimbaji waliokuwa wakitoka machimboni na haraka zao walinipigia kelele tangu tunatoka stendi. "Suka, kanyaga mafuta! Tushuke tusukume? Hata punda wa Mhunze angeshafika!" Juu ya kioo tulikuwa tumebandika karatasi, Haraka Haraka Haina Baraka, na waliokaa chini yake ndio waliokuwa na midomo kuliko wote. Mimi nilinyoosha kidole kwenye boksi. "Gavana hiyo, ndugu zangu. Kaisemesheni yenyewe." Walicheka, wakasonya, wakalala.

Raha ile haikudumu. Tajiri wetu, mwenye basi, aliona mabasi ya wenzake yanatutangulia kila siku, akaleta fundi. Fundi akachomoa nyaya kwa ndani na kuliacha boksi palepale, trafiki akichungulia alione. Tuliojua ni sisi tu, mimi na kondakta wangu, mtu mzima mwenye wajukuu. Tajiri akaniambia, "Sasa usinipe visingizio, baba. Kimbia."

Nilikimbia siku mbili. Siku ya tatu mguu ukakataa kabisa. Nikarudi kwenye themanini zangu, na tajiri nikamwambia gari halina nguvu tangu fundi alipoligusa. Abiria wakipiga kelele, niliwaonyesha boksi lilelile lililokufa. Kondakta alinitazama mara moja, akaendelea kukata tiketi zake.

Ndipo akapanda mama mmoja wa Ushirombo, rozari shingoni, kanga imefungwa upande upande kama ya mtu aliyevaa gizani. Alikuwa amefika Kahama kwa lori. Kabla hatujafika Isaka alitoka kwenye kiti chake, akaja kusimama nyuma ya bega langu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, baba. Jana redio ilinitaja kwenye matangazo. Binti yangu amejifungua, yuko hospitali ya Shinyanga, hali yake mbaya. Wamesema niwahi. Nisaidie, baba. Ongeza kidogo."

Basi zima likanyoosha shingo kunitazama. Hata wachimbaji. Mbele yangu lami ilikuwa tupu, hakuna lori, hakuna ng'ombe. Nilitazama mshale: themanini. Kondakta alikuwa mlangoni, macho yake yako kwenye mguu wangu. Nikajaribu, wallahi nilijaribu. Mshale ukapanda hadi themanini na tano, nikawaona wale watu kwenye majani, mguu ukarudi wenyewe.

"Mama," nikasema, "gavana. Gari halizidi hapa."

Alilitazama lile boksi. Kisha akanigusa bega. "Basi, baba. Si wewe. Umefungwa." Akaketi kwenye kifuniko cha injini, akaanza kusali rozari kwa sauti ndogo, na mimi nikasikia kila neno mpaka Shinyanga. Tulipofika alishuka kabla gari halijasimama vizuri. Kondakta akapanda kushusha mizigo.

Zilipita kama wiki tatu. Asubuhi moja, pale Shinyanga, tunapakia abiria wa kurudi Kahama, nikamwona anakuja. Mgongoni alikuwa amebeba kichanga. Nilitamani kujificha chini ya usukani, mtu mzima mimi.

Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu. Nikamwuliza habari za mgonjwa, kwa ujinga, maana kichanga kile kilikuwa kimeshanijibu.

"Nilimkuta wamemfunika shuka," alisema. "Nilimshika mkono, bado ulikuwa wa moto. Nesi akasema alikuwa ananiuliza mimi mpaka mwisho. Mama amefika? Mama amefika?" Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Tumeshamzika. Huyu tulimwacha wodini apate nguvu, leo ndiyo namchukua."

Nilisema pole, mama, pole sana, nikaona neno lenyewe halinitoshi hata mimi.

"Usijisumbue moyo, baba. Niliwaambia na nyumbani: dereva alitaka, chombo kikamkatalia." Kisha akafungua kitambaa na kunipa michembe, viazi vyetu vile vya kukausha, konzi mbili nzima. "Utatafuna njiani. Wabeja, asante kwa siku ile."

Kondakta aligeuka akatazama nje. Mdomo nilifungua. Nilitaka kusema, mama, ile gavana ilikuwa imeshachomolewa. Nilitaka kusema, ulikuwa mguu wangu. Nikapokea michembe kwa mikono miwili, nikasema asante.

Aliketi kiti cha mbele, karibu yangu, akampakata mjukuu. Nikawasha gari.

"Twende polepole tu, baba," akasema. "Sasa sina haraka."