Kiapo cha Walinzi wa West Bay

Kabla ya kuja Doha kulinda maegesho ya jengo moja refu la West Bay, Cornelius alifundisha historia kwao Kisii, na hilo ndilo lililomponza. Chaki aliiacha nyumbani, ualimu akasafiri nao. Jioni kambini Al Rayyan, walinzi wenzake wakingoja zamu ya jiko, aliwasimulia Roma ya kale. Makabwela walipochoka kuonewa na mabwanyenye, waliuacha mji wakaenda kukaa mlimani. Hawakurusha hata jiwe. Mabwanyenye, bila watu wa kuwafanyia kazi wala kuwapigania vita, walinywea. Makabwela wakapewa watetezi wao, wakaapa kwamba atakayemgusa mtetezi atauawa.

Philipo, aliyezirai wiki hiyo kwa kusimama juani mchana kutwa, aliweka sufuria chini. "Na sisi tugome, Mwalimu. Tunataka tu kivuli. Wewe utuongelee. Wakikugusa, sisi wote tunavua yunifomu. Haki ya Mungu!"

Wakaapa, huyu kwa Biblia, yule kwa Msahafu.

Asubuhi basi lilikuja, hakupanda mtu. Walikaa uani kimya mpaka adhuhuri, meneja alipofika na maji baridi na maneno matamu. Vibanda vya kivuli vitajengwa, alisema, ila wamtaje mmoja wa kuzungumza naye. Wakamtaja Cornelius kwa vigelegele. Maskini, walidhani wamempa cheo.

Wiki haikuisha. Alfajiri moja Wesley, msimamizi wao, alimkuta Cornelius akifunga kamba za viatu.

"Pole, Mwalimu. Viza yako imekatwa. Chukua begi, yalla, gari la airport liko nje."

Walinzi walikuwa wameshapanga foleni ya basi. Nyuma yao walisimama walinzi wapya waliofika jana yake kutoka Kampala, mashati yao ya yunifomu bado yana mikunjo ya kiwandani. Cornelius alipita na begi lake. Alimtazama Philipo. Philipo akapeleka mkono kwenye kifungo cha juu cha shati. Kilikuwa wazi. Akakifunga.

Basi likaondoka limejaa. Ndani ya gari, Cornelius alingoja hasira, akangoja machozi, hakuna kilichokuja. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Alichowaza ni darasa lake la Kisii, na swali ambalo miaka yote hakuna mwanafunzi aliyemuuliza: je, ingekuwaje kama Roma ingeweza kuagiza makabwela wengine?