Vyuma vya Dada Yangu Vilitundikwa Kanisani Vikaitwa Muujiza

Wakuu, hamjambo. Hii stori nimekaa nayo zaidi ya miaka arobaini, na leo naitoa nikiwa na hasira, kwa hivyo mnivumilie. Ni ya nyumbani kwetu. Sijaitia chumvi, na pale nilipokosea mimi mwenyewe nitasema.

Kilichonichokoza ni video aliyonitumia jirani juzi. Mhubiri yuko jukwaani, nyuma yake wamepanga magongo na viti vya magurudumu, mstari mzima. Watu wanashangilia.

Mimi nikabaki na swali moja tu: wenye magongo hayo walirudi nyumbani na nini?

Tuliishi mtaa wa Kaloleni, mwishoni mwa miaka ya sabini. Baba alikuwa mtu wa reli, kazi ilimweka Voi, tulimwona mwisho wa mwezi. Nyumbani tulikuwa Mama, mimi, na dada yangu mdogo Nekesa, wa miaka kumi na minne.

Nekesa alishikwa na polio akiwa mtoto mchanga, mguu wa kushoto ukabaki mwembamba, hauna nguvu. Hospitali ilimpa vyuma: fito mbili kutoka pajani hadi kwenye kiatu, zimefungwa kwa mikanda ya ngozi. Akivivaa anatembea. Polepole, kwa kelele, lakini anatembea. Shule alienda na kurudi mwenyewe, na ukimtania njiani ulimi wake ulikuwa na mbio kuliko miguu yako.

Mimi nilikuwa fundi wa ngozi soko la Kariokor. Mikanda ya hospitali ilipochakaa, nilimshonea mingine kwa mikono yangu. Nilijua kila tundu la ile mikanda.

Basi ikaja krusedi, mkutano wa injili, uwanjani. Aliyehubiri ni mchungaji wa kanisa letu la mabati. Nitamwita Mchungaji Elkana, silo jina lake. Jumapili mchana, jua kali, akamwita Nekesa mbele akamwamuru avue vyuma.

Akavua. Wanawake wawili wakamshika kwapani, akapiga hatua nne. Nne, wakuu, nilizihesabu. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele.

Na mimi nilipiga makofi. Nililia hata. Fundi mzima, ninayeujua ule mguu kuliko wangu, nikapiga makofi kama mjinga. Hilo sijajisamehe.

Hatua ya tano hakuna aliyeiona. Wale wanawake walikuwa wameshambeba.

Wiki iliyofuata vyuma vikatundikwa kwa msumari ukutani, nyuma ya mimbari, na karatasi chini yake: NEKESA AMEPONA. Kila Jumapili wakati wa ushuhuda Mama anainuka, "Bwana asifiwe!", anasimulia upya. Nekesa, niliyemleta mgongoni kabla watu hawajafika, anasimamishwa ameng'ang'ania benchi, watu wanapiga makofi, anakaa.

Kwa wasiojua: ushuhuda kwetu haukuwa mchezo. Ukishasimama ukasema Bwana amekutendea, mtaa mzima umesikia. Kurudi nyuma ni kumfanya Mungu mwongo. Tulilelewa hivyo, na Mama alikuwa ameshasema mbele za watu.

Nyumbani sasa. Nekesa alitambaa.

Kwenda choo cha nje, alitambaa. Akijaribu kusimama anabana goti kwa mkono, anaruka mara mbili, anaanguka. Goti likavimba. Shule akaacha. Mgeni akibisha hodi, Mama anamsukumia chumba cha ndani, eti watu wasije wakamwona wakalitukana jina la Mungu.

Msichana aliyeponywa, amefichwa kwa sababu ameponywa! Niambieni hiyo ni dini gani.

Nilimwendea Mchungaji kwa heshima, kofia mkononi.

"Ndugu Wafula," akaniambia, "uponyaji uko. Imani ya nyumba yenu ndiyo imelegea. Ukimrudishia vile vyuma, unamwambia Mungu achukue baraka yake."

Nikauliza, "Na shule?"

"Ombeni."

Hadi leo damu inanichemka. Kwa sababu yeye alikuwa amevaa miwani! Miwani, wakuu, vioo vinene kama chini ya chupa. Hakuna hata mmoja aliyemwambia aivue tuitundike ukutani.

Nikamwambia Nekesa naenda kuviteremsha hata kwa ngumi. Akakataa.

"Wacha, Wafula. Ukienda na hiyo hasira watasema ni shetani amekutuma. Hizo vyuma ni zangu. Nitaitisha mwenyewe."

Jumapili ikafika. Wakati wa ushuhuda, kabla Mama hajainuka, Nekesa akashuka kwenye benchi. Akatambaa. Kanisa zima likaona kitu tulichokuwa tumekificha miezi mitatu, gauni la Jumapili likisugua simenti. Akafika mbele, akainua uso.

"Bwana asifiwe."

Watu wakajibu "Amina" kwa mazoea.

"Mimi ni Nekesa. Naomba vyuma zangu. Kesho ni shule."

Halafu Mchungaji akaanza kukemea pepo wa mashaka, mkono juu ya kichwa cha dada yangu, akimsukuma. Nikainuka nikijua leo nalala korokoroni.

Mama akanipita.

Mama huyo, aliyekuwa akiogopa maneno ya watu kuliko njaa, alivuta kiti cha Mchungaji akakipanda na viatu vyake. Akavitoa vyuma kwenye msumari.

"Mama Wafula, unaliaibisha kanisa," Mchungaji akasema.

"Mtoto ni wangu. Hiyo aibu nitabeba mimi. Yeye amebeba ya kutosha."

Nilipiga magoti pale mbele nikamfunga. Mikanda ilikuwa imekauka, ule wa juu ukakatika mkononi mwangu. Nikavua mshipi wangu wa suruali, nikauzungusha pajani mwake mara mbili, nikakaza. Akasimama. Tukatoka watatu, mimi nimeshikilia suruali kwa mkono mmoja, vyuma vikigonga simenti hadi mlangoni. Hakuna aliyepiga makofi.

Walitutenga. Wanawake waliokuwa wakimwita Mama dada katika Bwana wakawa wanavuka upande wa pili wakimwona. Mama alikaa karibu mwaka mzima bila kanisa, na najua iliuma, kwa sababu alikuwa akiimba peke yake akifua. Lakini Jumatatu ile ile Nekesa alienda shule.

Alisoma, akawa mwalimu, sasa amestaafu. Kinachonishangaza ni kwamba yeye bado anasali. Mimi ndiye nasuasua. Siku moja nilimwambia miujiza yote ni uongo mtupu. Akanikatiza.

"Usiseme hivyo. Yesu alipomfufua yule msichana, aliambia wazazi nini? Wampe chakula. Na wasitangaze. Hakuchukua kitanda chake akaenda nacho kwa mkutano. Na mimi muujiza niliuona, Wafula. Nilimwona Mama juu ya kile kiti."



Nilichojifunza ni hiki. Muujiza ni ishara kwamba Mungu amemwona mtu, na mtu huyo ana njaa, ana shule kesho. Ikibidi mtu afichwe ili ishara ionekane, hapo Mungu ametumiwa tu kama bango. Siwapingi mnaoamini. Nawapinga wenye misumari.

Uwanja ni wenu, wakuu. Mniunge mkono, mnipinge, mniite mpagani, nitasoma comment zote. Lakini kama kanisani kwenu kuna gongo au kiti kimewekwa mbele kama ushahidi, kabla hujaniandikia chochote, nenda kwanza nyumbani kwa mwenyewe. Bisha hodi. Halafu usikilize anakuja kukufungulia mlango kwa njia gani.