Daktari wa dirishani

Saa mbili na nusu asubuhi, daktari amesimama katikati ya maua. Koti lake jeupe limenasa kwenye mwiba wa waridi, viatu vimelowa umande, na barakoa ameishusha mpaka kidevuni. Mbele yake kuna dirisha lililofungwa. Nyuma ya kioo ameketi mzee mwenye kofia, naye kajifunika barakoa, macho kayakodoa.

Daktari anaongea na kioo, tena taratibu, kama mtu aliye sebuleni kwake.

"Daktari, hilo unalolikanyaga nalo ni mgonjwa wangu," anasema mtunza bustani, ndoo ya maji mkononi.

"Samahani kaka. Leo ni wawili tu."

"Hata jana ulisema wawili."

Daktari anacheka, anajinasua mwibani, anazunguka jengo na kuingia kwa mlango wa nyuma. Maswali huyauliza nje, majibu huyafuata ndani. Ndiyo kazi yake siku za kliniki ya wazee, na ndiyo maana hospitali nzima humwita Daktari wa Dirishani.

Chumba chake kinatazamana na cha wagonjwa wa kifua, korido moja, hewa moja. Kwa hiyo barakoa hapo ni lazima, kwa mgonjwa na kwa anayemtibu, na mlinzi wa mlangoni hana mzaha. Daktari anaiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Shida ni kwamba wengi wa wagonjwa wake wana masikio mazito, na barakoa humla mtu nusu ya sauti na midomo yote.

Mwanzoni alipiga kelele. Alipiga kelele hasa, mpaka shingo ikamtoka mishipa. Mgonjwa akawa hasikii, ila waliokaa kwenye benchi la nje walisikia vizuri sana. Bibi mmoja alitoka chumbani akakuta watu wasiomjua wakimpa pole ya choo kigumu, na mama mmoja akimshauri ale mapapai.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema daktari. "Siri ya mgonjwa ikishafika kwenye benchi, imeshafika sokoni."

Akajaribu kuandika. Wazee wakawa wamesahau miwani, na waliokumbuka miwani wakakutana na mwandiko wa daktari. Akahamia kwenye ishara. Alimwonyesha bibi yuleyule namna ya kumeza kidonge, akainua kichwa na kufumba macho. Mwezi uliofuata bibi akarudi kulalamika kwamba dawa ni nzuri, ila kufumba macho kila asubuhi kunamfanya amwage maji kifuani.

Kisha akaja yule anayemwita Mzee wa Ndiyo, ndiye huyu mwenye kofia.

Ni mstaafu wa kiwanda cha mbao, mpole, msafi, aliyezoea kuja peke yake. Presha yake ilikataa katakata kushuka. Kila alipokuja, daktari alimuuliza kama anakunywa dawa. Ndiyo. Kila siku? Ndiyo. Ameelewa? Ndiyo, daktari, ahsante sana. Basi daktari akamwongezea dawa, halafu akamwongezea nyingine. Mzee akaanguka bafuni, akapasuka juu ya jicho.

Siku aliporudi na bandeji, safari hii na mkewe ubavuni, daktari alikuwa na kalamu mkononi tayari kumwongezea tena. Kitu kikamgusa moyoni. Ile ndiyo ilikuwa inakuja haraka mno.

"Mzee," akamuuliza nyuma ya barakoa, uso mkavu, "una ujauzito?"

"Ndiyo, daktari."

"Wa miezi mingapi?"

"Ndiyo. Namshukuru Mungu."

Mkewe alicheka mpaka akashika meza. Muuguzi akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Daktari naye alicheka, halafu kicheko kikamkauka. Maana kama mzee amekubali mimba, amekubali mangapi mengine?

"Lakini nyumbani anasikia!" mke akamtetea. "Nikikaa mbele yake tunaongea vizuri tu. Nikiwa jikoni ndiyo hanijibu. Mimi nikasema huo ni ukaidi wa waume, sikio la kufa halisikii dawa."

Hapo ndipo daktari alipong'amua. Mzee hakuwa akisikia. Alikuwa akisoma midomo, na hospitali ilikuwa imeifunika midomo yote. Mkono wa daktari ukapanda kwenye barakoa. Muuguzi akakohoa kumkumbusha korido. Daktari akatazama huku na huku, akaliona dirisha. Akatoka mbio.

Mzee alipouona uso wake bila barakoa nyuma ya kioo, alishtuka. "Kumbe ni mtoto mdogo hivi!" akamwambia mkewe. "Mimi nilijua ni bibi wa rika langu."

Daktari akamweleza kutoka kule mauani: dawa ya presha hunywewa kila siku, hata ukijisikia mzima. Mzee akaduwaa. Siku zote alikuwa akinywa pale tu kichwa kinapomuuma, na kikimuuma sana anazibugia zote kwa pamoja.

"Ningemwongezea tena," anasema daktari, na hapa hacheki. "Siku moja angezinywa zote, presha ingeporomoka, asingeamka. Nami ningeandika kwamba mgonjwa alielekezwa akaelewa."

Mzee mwenyewe hana kinyongo. "Kiwandani misumeno ilinguruma kutwa, hakuna aliyesikia mtu. Tulitazamana midomo," anaeleza. "Halafu mtu akikuuliza mara tatu hujasikia, ya nne unaona haya. Ndiyo haijawahi kumgombanisha mtu na daktari."

Sasa daktari ameomba kioo kikubwa kama cha benki, kitakachogawa chumba chake katikati, ili amwone mgonjwa na mgonjwa amwone, kila mmoja na hewa yake. Uongozi umemjibu kwamba suala lake linafanyiwa kazi, lugha ambayo hata mwenye masikio mazima haielewi. Mvua ziko karibu. Amenunua mabuti na mwavuli, na ameapa hatarudi kupiga kelele.

Asubuhi hii anapima presha ya mzee, anapima tena kwa kutoamini. Imeshuka. Anamwonyesha dole gumba na mzee anavuta pumzi ndefu. Mkewe anafuta machozi kwa pindo la kitenge, kisha anauliza kwa haya kama anaweza kuazima dirisha.

"Nina swali langu," anasema. "Tangu siku ile halinipi usingizi."

Anazunguka jengo. Anatokea kwenye maua, anashusha barakoa, anamkazia mumewe macho.

"Miaka yote hii nikiongea unanitazama usoni. Majirani wananionea wivu. Nilijua ni mapenzi. Kumbe ulikuwa unanisoma tu?"

Kwa mara ya kwanza chumbani humu, mzee hajibu ndiyo. Anavua kofia, anaikunja.

"Zamani nilikuwa namsoma," anamwambia daktari taratibu. "Siku hizi maneno yake nayajua yote, hata kabla hajafungua mdomo. Namtazama tu."

Nje, mkewe hajasikia chochote. Anagonga kioo. "Anasemaje?"

Daktari anafungua kinywa amjibu, anakumbuka barakoa. Mzee keshanyanyuka. Anashika fimbo, anapita korido, anazunguka jengo lote kwa mwendo wake wa pole. Anaingia mauani, anashusha barakoa, anasimama mbele ya mkewe na kumwambia mwenyewe.

Mtunza bustani anawatazama wote wawili, viatu vinne juu ya waridi zake. Anaweka ndoo chini. Anasogea dirishani, anabisha hodi kwa upole.

"Daktari," anauliza, "hicho kioo chako kinakuja lini?"