Bunduki ya Mashoto

Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, ofisi ya polisi ya wilaya ilitoa leseni namba 0417, ya kumiliki bunduki moja ya marisau kwa mchezo wa shabaha. Kwenye nafasi ya kazi karani aliandika: fundi cherehani. Mwenye leseni alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia nguo haimtoki shingoni hata akienda sokoni.

Kuipata kulimchukua miezi kumi na mmoja. Alichukuliwa alama za vidole, akaleta barua ya daktari, akapokea nyumbani mkaguzi aliyetikisa kabati la chuma kwa mikono miwili kuona kama kweli limefungwa ukutani. Kwa hiyo alijua uzito wa karatasi ile. Bunduki ikishanunuliwa, namba yake inaandikwa kwenye leseni, na mambo yamekwisha. Ukijuta, unaanza foleni upya. Na Jumamosi ya tarehe 23 klabu yake ya shabaha ilikuwa inachagua timu ya watu watano wa kwenda mashindanoni. Wanne walikwisha kujulikana.

Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Mashine inarusha kisahani cha udongo hewani, nawe unakivunja kabla hakijatua. Visahani ni ishirini na tano. Kwa miaka miwili, akitumia bunduki ya klabu, Mama Futi alikuwa akivunja kumi na vinne, siku njema kumi na vitano. Kwa vilivyobaki, marisau yalipita upande wa kulia, kila mara kulia. Shemeji yake, mume wa dada mtu, mwindaji kwa miaka thelathini na ndiye aliyempeleka klabuni, alikuwa na jibu tayari: wewe ni mashoto, mkono wako unavuta, lenga kushoto kidogo. Alilenga kushoto kidogo. Akavunja kumi na vitano.

Alhamisi wakaenda wote wawili dukani. Ni chumba chembamba chenye milango miwili ya chuma na harufu ya mafuta ya cherehani, au hivyo ndivyo pua ya Mama Futi ilivyoitambua. Bunduki zimesimama ukutani kwa safu, mnyororo mmoja umepita kwenye vifyatulio vyote. Mwenye duka alimkaribisha shemeji, akamuuliza mzee anapendelea mtutu wa urefu gani.

"Mwenye harusi ni huyu," shemeji akasema, akielekeza kidevu.

Lakini hakuacha kuchagua. Alitaka ile ya mitutu miwili iliyopandana, mbao nyekundu inayong'aa, ubavuni imechorwa bata wawili wanaoruka. Alisema hiyo, hata ukikosa, watu watakusifia.

"Ndiyo maana wewe ulinunua kama hiyo," Mama Futi akamjibu, akaipokea.

Aliiweka bega la kushoto huku amefumba macho, kama anavyomvalisha mteja koti kwa mara ya kwanza bila kioo, kisha akafumbua. Jicho lake liliona ubavu wa mtutu badala ya mgongo wake. Alirudia mara tatu. Mara tatu ubavu.

Kwenye karakana yake ana kawaida moja inayowachosha wanafunzi wake. Bega la kulia na la kushoto hupimwa kila moja peke yake, kwa sababu hajaona mtu mwenye mabega yaliyolingana. Na koti likikunja mgongoni, hairuhusiwi kusema mteja amesimama vibaya. Akaomba bunduki iwekwe juu ya kaunta na mwenye duka aishike isilale upande. Akatoa bobini kwenye mkoba, akavuta uzi kutoka ncha ya mtutu, katikati kabisa, mpaka nyuma, akaiacha bobini ining'inie nyuma ya kitako, pale panapokaa begani. Uzi haukuangukia katikati. Kitako kilikuwa kimekwenda kulia, milimita sita kwa futi yake.

"Bunduki hii imeshonewa mtu mwingine," alisema.

Mwenye duka alidai ni kivuli. Akaitwa fundi wa nyuma, mtu mfupi aliyefunga miwani kwa kamba ya kiatu. Aliutazama uzi, akamtazama mwanamke, akamuuliza ni fundi wa nini. Wa makoti. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia jibu alilolitarajia. Akaeleza kwamba karibu zote hupindwa kulia hivyo, ili jicho la mtu wa mkono wa kulia liangukie juu ya mtutu. Mashoto akiishika, inamtupa kulia.

"Na ya klabu?"

"Na ya klabu, mama."

Shemeji alianza kuichunguza dari.

Ilikuwapo moja iliyonyooka: nzito, mbao ina mikwaruzo, haina bata wala kuku. Uzi uliangukia katikati. Kwa Mama Futi katikati haikutosha. Alitaka kitako kiende kushoto. Fundi akasema inawezekana. Mbao hupashwa kwa mafuta ya moto, hubanwa kwenye jiliwa, husogezwa polepole siku tano. Ila mbao huweza kupasuka, na leseni itakuwa imekwisha andikwa.

Shemeji akamsihi asijitie kitanzini, achukue ya bata aizoee. Mama Futi alimgeukia fundi. Alimuuliza fundi amepinda ngapi.

"Tisa. Moja ilipasuka."

"Ilipasuka kwa nini?"

"Nilikuwa na haraka."

Mama Futi alichora kitako kwa chaki ya kushonea, akaandika milimita sita, akatia saini. Baadaye alimwambia dada yake kwamba kama fundi angesema hajawahi kupasua hata moja, yeye angetoka dukani mikono mitupu.

Jumatano fundi alimpigia simu akachukue mzigo wake. Mbao ilikuwa nzima.

Jumamosi alisimama kwenye mstari na futi shingoni, kwa sababu alisahau kuivua. Alivunja ishirini na viwili. Alikosa vitatu, vyote kwa kupiga juu; upande wa kulia haikupita hata punje moja. Shemeji, ambaye hiyo ndiyo iliyokuwa rekodi yake, alikwenda kwa kila mtu kibandani kumweleza kwamba yeye ndiye aliyemfundisha mwanamke huyu. Mama Futi alimwacha afaidi. Nahodha alipomsomea jina kama mtu wa tano, aliifungua bunduki, akaikagua kama ni tupu, akaipangusa, ndipo akatabasamu.

Timu inaondoka Ijumaa, tarehe 5 Aprili, kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi. Mama Futi atapiga wa kwanza.